Nafasi ya Mwisho ya Asubuhi

Watu wa Butembo waliniogopa kwa ajili ya kipande cha chaki. Sikuwa na cheo wala bunduki, katika miaka ambayo hata vijana wasioota ndevu walitembea na bunduki begani. Nilikuwa na ubao mweusi, chaki na saa ya ukutani, basi. Lakini ubao huo ndio uliosema nani atazungumza na nani, lini, na kwa muda gani. Aliyetaka kusikia sauti ya mtoto wake aliyeko Beni, au ya mtu wake wa forodha kule Kasindi, alipita kwanza kwangu, na alipita kwa adabu.

Kazi yangu ilikuwa foni. Wadogo zetu wa leo hawaijui, kwa hiyo niieleze. Simu za mkononi zilikuwa hazijafika kwetu. Foni ilikuwa redio ya kusema na kusikia: sanduku la chuma, kipaza sauti cha kushika mkononi, waya mrefu uliofungwa juu ya paa, na beteri za lori chini ya meza. Ukibonyeza unasema, ukiachia unasikia. Watu wawili hawawezi kusema pamoja, kwa hiyo ukimaliza unatamka "à vous", maana yake sasa ni zamu yako. Patron, yaani tajiri wangu, muuza misumari na mabati, aliinunua ili aulizie malori yake. Kisha akaona watu wanamiminika dukani kuiomba, kama wanaoomba chumvi kwa jirani. Akaiweka chumba cha nyuma, akanitafuta mimi, niliyesomea usekretari kwa masista na kukosa ofisi kwa sababu ya vita.

Msidhani ni kazi ya kukaa na kubonyeza. Foni haimfuati mtu alipo. Kama mama wa Butembo anataka kusema na mwanawe aliyeko Beni, lazima mwana awe amekaa kwenye benchi ya foni ya Beni wakati uleule mama amekaa kwenye benchi yangu. Kwa hiyo kila mazungumzo yalipangwa tangu jana yake. Mama anakuja, anatoa jina na mtaa, mimi nawapa Beni, Beni wanatuma mtu akamtafute kijana, jibu linarudi, ndipo ninaandika ubaoni. Na hao ni watu wawili tu. Nilikuwa na ubao mzima wa watu wawili wawili, na kila mmoja wao alikuwa na shamba, soko, misa, mtoto mgonjwa, au lori lililokwama kwenye tope.

Beteri nazo zilikuwa na matakwa yao. Zilikula jua kutoka kwenye sahani ya sola iliyokuwa juu ya paa, na Butembo, anayeijua anajua, asubuhi hujifunika ukungu kama mzee asiyetaka kuamka. Siku ya ukungu mzito nilifuta nusu ya ubao, na waliofutwa waliniangalia kana kwamba ukungu ule nimeuleta mimi kutoka nyumbani.

Nilijifunza kupanga kwa kuumia. Nilijifunza kwamba Kasindi inatangulia, kabla watu wa forodha hawajafungua, kwa sababu wakishafungua hakuna wakala atakayekaa kwenye benchi kukusubiri wewe. Mtu wa kutoka Kipese humpi nafasi ya mapema hata akiililia, maana anashuka milimani kwa miguu, na mvua ikimkuta njiani utamkosa, na mwenzake atakaa Beni akihesabu kucha zake. Wachumba niliwaweka kabla ya wenye malori. Mwenye lori akingoja nyuma ya wachumba hukohoa, anakohoa mpaka wanaagana wenyewe, nami sikuhitaji kuwafukuza. Na kila baada ya watu kadhaa niliacha upenyo, kwa ajili ya yule ambaye hawezi kusema "à vous" bila kuanza upya salamu za ukoo mzima.

Sikubembelezeka. Siku moja aliingia komanda wa waasi waliokuwa wameshika mji, na walinzi wawili, akataka kusema na Beni papo hapo. Nilimwonyesha ubao. Nikamwambia, "Komanda, programu imejaa. Kama unataka kuweka jina yako hapa, toa weye mwenyewe jina moja, na umwambie mwenye jina." Alizisoma sura zilizokuwa kwenye benchi, akamkuta mama mwenye mtoto mgongoni, na katekista mwenye kofia magotini. Akakaa. Akangoja zamu yake kati ya katekista na kapu la maparachichi, na bunduki za walinzi wake nikazitoa nje zikae na miavuli. Patron alinifokea siku nzima kwamba nitamletea kifo, lakini habari ilizunguka mji, na tangu hapo hakuna aliyenibishia tena.

Sasa nije kwenye ile nafasi.

Nafasi ya mwisho ya asubuhi, ile ya kabla ya kuzima mashine ili beteri zipumzike, niliiacha wazi kila siku. Patron alipoiona alikasirika. "Hii shimo iko ya nini? Batu banapanga mustari huku inje, na weye unaacha shimo!" Nikamjibu kwamba ni nafasi ya vita. Hakuuliza tena.

Ilianza hivi. Siku za mwanzo nilipanga watu kama walivyofika. Asubuhi moja muuza ndizi mmoja alikuwa wa kwanza kabisa, akaambiwa na shemeji yake kutoka Beni, bila hata kutayarishwa, kwamba mumewe amekufa. Alianguka palepale na kipaza sauti mkononi, akavuta waya, mashine ikamfuata. Chumba kizima kililia. Kwetu mtu akilia msiba hukai ukimtazama, unalia naye, kisha unamsindikiza nyumbani. Waliokuwa wamepangwa baada yake wakaondoka wote kumsindikiza. Na kule Beni wenzao wakakaa kwenye benchi mpaka jua likawa utosini, wakimngoja mtu asiyekuja, nao wakaanza kuamini kwamba huyo mtu naye amekufa. Kifo kimoja kikazaa vifo vya kudhani chumba kizima.

Jioni ile tulikubaliana, mimi na Beni. Beni alikuwa mwenzangu wa foni kule Beni. Hewani hatukuitana majina, yeye aliniita Butembo na mimi nilimwita Beni, na katika miaka yote ile sikuwahi kumwona uso. Nilijua tu kwamba ni mzee, kwamba ni Mprotestanti, kwa sababu alijaribisha kipaza sauti chake kwa kuimba ubeti wa wimbo wa kanisani, na kwamba alipenda utani kuliko chakula. Kila asubuhi, kabla hatujasomeana programu, alianza yeye.

"Butembo, umeamuka? Batu ya baridi balilala muzuri? À vous."

"Tumeamuka. Na kule, mbu ilibakisha damu kidogo? À vous."

"Ilibakisha ya kuimbia Mungu. Nyinyi Bakatoliki munaimbaka kama munaogopa kuamusha mutoto. À vous."

Huyo ndiye tuliyekubaliana naye. Kwetu habari ya kifo haitumwi ikiwa uchi. Unasema fulani ni mgonjwa, njoo, na unahakikisha anayeambiwa hayuko peke yake. Tukaifanya mila hiyo kuwa sheria ya foni. Anayetaka kutangaza kifo anakaa nafasi ya mwisho ya asubuhi, wengine wote wakiwa wameshazungumza na kwenda zao. Hewani litapita neno "mgonjwa" tu. Na aliyeitwa aambiwe aje na mtu mkubwa, mjomba au mama mdogo, ambaye tumeshamdokezea ukweli, naye atamwambia njiani, au nyumbani, au pale penye ukuta wa kuegemea. Ilikuwa sheria nzuri. Ninaiona nzuri hata leo, na nimeichukia kwa miaka.

Maana mimi nilijua kabla yao. Beni akinisomea programu na kufika kwenye nafasi ya mwisho, akasema, "Umwambie akuye na mutu mukubwa," nilishajua. Niliandika jina, kisha asubuhi nzima nilimwangalia mwenye jina hilo amekaa kwenye benchi yangu, amewahi, anatafuna muhogo wa kuchoma, anamcheka mchumba anayeona haya. Mjomba wake amekaa kando, amevaa koti, hatafuni. Nilipaswa kutabasamu. Wengine waliniletea mayai ili niwaongezee muda, na mayai yale niliyapokea, kwa sababu kuyakataa kungekuwa kuwaambia.

Na wote, ninasema wote, waliuliza swali lilelile. Beni akisema, "Baba iko mugonjwa," mtu alibonyeza na kuuliza, "Iko hospitali gani?" Iliniudhi, sitaficha. Watu wazima, waliozika wazazi wao, waliokwisha kuitumia mila hiyohiyo kwa wengine, wameambiwa waje na mtu mkubwa, wamekuja naye, wamewekwa nafasi ambayo mji mzima ulianza kuifahamu, na bado wanauliza hospitali. Moyoni nilikuwa nikiwaambia, baba, mama, si unajua? Niliwaona kama watu wanaojifanya hawaoni mvua na tayari wamelowa.

Siku nyingine nafasi ile ilibaki tupu, namshukuru Mungu, na ilipobaki tupu Ijumaa, niliitumia mimi.

Nilikuwa na mdogo wangu wa kiume kule mjini Beni, kitinda mimba wetu. Mama yetu alifariki huyo akiwa bado anaburuta tumbo sakafuni, na dada yetu mkubwa alikuwa ameshaolewa, kwa hiyo nilimlea mimi. Nilimbeba mgongoni nikienda kuchota maji, nikambeba tena nikirudi, kwa sababu alikuwa mvivu wa kutembea na mimi nilikuwa mpumbavu wa kumpenda. Alipokua akashuka Beni kujifunza ufundi wa magari kwenye gereji inayotengeneza malori ya njia ya Kasindi. Mikono yake ilikuwa na akili. Alisikiliza injini kama daktari anavyosikiliza kifua.

Ijumaa, benchi ikiwa tupu pande zote mbili, Beni alimpa kipaza sauti, nami nilimsikia mdogo wangu. Tuliweza kuzungumza tu siku ambayo hakuna aliyefiwa. Tulilijua hilo wote wawili na hatukulisema. Yeye alianza kwa furaha, "Yaya, leo shimo iko yetu!" Yaya ndivyo tunavyomwita aliyekutangulia kuzaliwa. Nami nilisahau kwamba ninapaswa kuhurumia beteri.

Tulikuwa na ugomvi mmoja tu, na tuliurudia kila Ijumaa. Nilitaka apande Butembo, akae kwangu. Kule Beni makundi yalikuwa yanagombania mji, yanaingia na kutoka, na kila lililoingia lilitafuta vijana na mafundi. Kijana anayejua kufufua lori alikuwa mali kuliko lori lenyewe. Nilimsihi, nilimfokea, nilimtishia kwa jina la mama.

"Kuya, mudogo yangu. Patron yangu anasema iko na kazi ya weye hapa, malori yake yote inakohoa. À vous."

"Ntakuya, yaya. Lakini niko na moteur moja iko chini, nimeifungua yote. Hapana weza kuiacha vile. À vous."

"Moteur! Kila juma moteur! Ikifungwa ile, unafungua ingine. À vous."

"Yaya, si weye ulinifundisha? Kazi yenye umepanga, unaimaliza. À vous."

Ni mimi niliyemfundisha. Beni, aliyekuwa akitusikia, aliingilia kati na kunicheka, "Mganga hajigangi, Butembo! Unapangia mukini nzima, mudogo moja anakushinda." Mukini ni mji. Nikamwambia akaimbe nyimbo zake.

Kisha Ijumaa moja alikubali. Injini ilikuwa imebaki kufungwa tu. Angepanda Alhamisi inayofuata na lori lililoshusha viazi kutoka Lubero, ambalo lingerudi tupu, na dereva alikuwa mteja wa gereji. Nilimwambia aseme tena, nisije nikawa nimesikia vibaya. "Alhamisi, yaya. Uniandikie kwa ubao," alisema akicheka. Nikamwandikia kweli. Kwenye pembe ya juu ya ubao, mahali ambapo sikuwahi kuandika jambo langu, niliandika Alhamisi, nikachora lori dogo lenye magurudumu yasiyolingana. Wateja waliulizana hiyo ni nini.

Juma lile nilikuwa mtu mwingine. Niliazima godoro. Niliroweka maharagwe, nikanunua kipande cha jibini ya milimani, kwa sababu alipenda kuila na ndizi mbivu, kitu ambacho hakuna mwenye akili anayekila. Hata watu wa salamu za ukoo mzima niliwaacha waendelee. Mwenye lori mmoja alimwuliza mwenzake kwa sauti kama nimepata mchumba.

Alhamisi jioni hakuja. Sikushtuka sana. Mvua ilikuwa imenyesha, na kwenye barabara ile mvua ikinyesha lori hulala njiani, dereva na abiria wakawasha moto na kuchoma mahindi, wakafika kesho yake wamejaa tope na hadithi. Lori kulala njiani haikuwa habari. Nilifunika maharagwe, nikalala.

Ijumaa kulikuwa na ukungu, lakini beteri zilikuwa na nguvu. Niliita, Beni akaitika. Hakuimba.

"Butembo, nakusikia. Andika. À vous."

Nilidhani ana mafua. Akanisomea programu kwa sauti tulivu, jina baada ya jina, nami naandika, mpaka tukafika mwisho.

"Nafasi ya mwisho, iko na mutu. Akuye na mutu mukubwa. À vous."

Kitu cha kwanza nilichohisi, na nakisema kama kilivyokuwa, kilikuwa hasira ya kitoto. Ijumaa yetu imechukuliwa. Kama mdogo wangu ameghairi na yuko bado Beni, hatutazungumza leo. Nikauliza jina.

"Jina ntakupa kisha. Weka tu mustari. À vous."

"Mustari? Bila jina ntamuita nani? Na mutu mukubwa, ntamutafuta wapi? À vous."

"Mutu mukubwa, nilisha mutumia habari miye mwenyewe, kwa foni ya masista ba kule kwenu. Weka tu mustari, mama. Nakuomba. À vous."

Hakuwahi kuniita mama. Nililisikia neno hilo, na wakati huohuo Kasindi wakaingia kwa kelele kwamba magari yao yamezuiwa na wanamtaka tajiri fulani haraka, na tajiri mwenyewe alikuwa ameshafika mlangoni. Nikachora mstari. Mtu mwenye programu iliyojaa hakosi mahali pa kujificha, na mimi nilikuwa na ubao mzima.

Nikafanya kazi. Nilimpitisha tajiri, nikampitisha shangazi wa bibi harusi aliyetaka kujua idadi ya mbuzi, nikampitisha katekista, nikawapitisha wachumba. Kila mara Beni aliitika kwa sauti ileile iliyonyooka, bila mzaha, bila kukosea jina. Nilimgombeza mara moja, kwamba leo ameamkia upande gani. Alisema, "Pole, Butembo," akampa mtu aliyefuata kipaza sauti. Sasa ninajua asubuhi ile ilimgharimu nini, kwa maana mimi nilikuwa nimeilipia mara nyingi. Wateja wangu walicheka vizuri siku hiyo. Shangazi wa bibi harusi aliniachia mayai.

Benchi ikapungua watu. Nilipofuta jina la mwisho juu ya mstari, nikageuka kutazama mlango, nimwone mtu mkubwa atakuwa nani, na nyuma yake mwenye msiba atakuwa nani.

Akaingia dada yetu mkubwa.

Huyo aliuza poireaux, vile vitunguu vya majani, sokoni, na Ijumaa ni siku ya soko kubwa. Mvua, homa, milio ya risasi, havijawahi kumzuia kwenda soko la Ijumaa. Alikuwa hana kapu. Alikuwa amevaa vitenge vyake vya Jumapili, amejifunga kimoja kiunoni kwa nguvu, kama mwanamke anayejiandaa kubeba kitu kizito. Nyuma yake hakukuwa na mtu.

"Yaya," nikasema, "poireaux yako iko wapi?"

"Leo hapana enda soko." Akaja mpaka kwenye meza, akanishika mkono wa chaki. "Toka kwa kiti. Kuya huku, tukae pamoja."

Miaka yote ile sikuwa nimewahi kukaa kwenye benchi ya wateja. Ilikuwa fupi kuliko nilivyodhani, na ukikaa pale ubao unauona wote. Niliona mstari wangu, mnyoofu, nimeuchora vizuri. Niliona lori langu dogo kwenye pembe ya juu.

Mambo yenyewe niliyapata siku zilizofuata, vipande vipande. Lori liliondoka Beni kama lilivyopangwa. Njiani watu wenye silaha walilisimamisha wakalitaka. Injini ikawazimikia, wakamtoa mdogo wangu chini ya turubai aiwashe. Aliiwasha. Walitaka aende nao, alikuwa amewapatia gari, angewafaa na kesho. Dereva, aliyesalimika, alituambia kwamba mdogo wangu aliwajibu kwa upole kabisa kwamba hawezi, kwa sababu yaya yake anamngoja siku hiyo, na amemwandika kwenye ubao. Wakampiga risasi. Dereva alidhani maneno hayo yatatufariji, na dada yangu akamshukuru, "Wasingya, baba, wasingya." Mimi nilitoka nje.

Lakini pale kwenye benchi nilikuwa sijayajua hayo. Nilijua tu yale ambayo mtu yeyote mjini angeyajua akiyaona: nafasi ya mwisho, mtu mkubwa, vitenge vya Jumapili. Dada yangu alivuta waya, akaniwekea kipaza sauti mkononi, mkono wake akauacha juu ya wangu. Mashine ikakwaruza.

"Butembo, Butembo, Beni anaita. À vous."

Nikaitika.

"Uko na mutu mukubwa pembeni? À vous."

"Iko hapa. À vous."

Nilisikia akivuta pumzi. Mzee yule aliyekuwa na mzaha kwa kila jambo alinisomea sheria tuliyoitunga sisi wenyewe, na hakubadilisha hata neno.

"Mudogo yako iko mugonjwa, mama. À vous."

Niliutazama ubao. Bega la dada yangu lilikuwa limeegemea langu, na sikutaka kugeuka nimwone uso. Nikabonyeza.

"Iko hospitali gani?" nikauliza. "À vous."